Mwaka Nilipojitafsiri

Deus ndiye aliyeanza. Alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu, pampu ya maji ikinguruma nyuma yake, akasema Mwalimu Kemilembe anafunga chumba chake cha Rwamishenye mwisho wa mwezi, kwa hiyo Alhamisi tukutane palepale, saa ileile, na mwenye visingizio abaki navyo kwake. Nilikuwa jikoni kwangu Kamachumu, kisu mkononi, ndizi nusu zimemenywa. Mtu mzima na miwani yangu ya kusomea, mwili wote ukanisisimka! Nikaacha kisu, nikatoka nje, nikamwita jirani kupitia migombani nimpe habari hiyo, ingawa jirani mwenyewe hamjui Mwalimu wala hicho chumba. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama ndizi zangu zinaungua. Hazikuwa zinaungua, maana hata moto nilikuwa sijawasha.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Ulipita katikati ya majora ya vitenge, ukainamia pazia, ukapanda ngazi za mbao, na hapo juu ukakuta meza moja, viti visivyofanana, chupa ya chai na kikapu kidogo cha ukindu chenye kahawa ya kutafuna. Chini fundi alikuwa anashona kutwa, na cherehani yake ilisikika kupitia sakafu kiasi kwamba Mwalimu akikuuliza swali gumu, unasikia nayo inakimbia, halafu inasimama, kana kwamba fundi naye anasubiri jibu. Mlangoni aliandika kwa chaki: Ushauri wa Kazi. Miaka ile, watu wa Bukoba walijua ushauri wa ndoa na ushauri wa magonjwa. Ushauri wa kazi ulikuwa kitu gani? Kazi si unatafuta, ukiipata unashukuru, basi? Pale mtaa wa Bakoba nilikokuwa nakaa, wengine walisema yule mama ni mganga wa wasio na ajira, na kwamba kahawa yake imetiwa dawa. Mwalimu alikuwa Mlutheri wa kuimba kwaya na kufika ibadani kabla ya mchungaji. Alipoambiwa habari za uganga alicheka mpaka akashika meza, kisha akaniambia kama dawa ipo, anaiomba na yeye.

Nilipelekwa pale na mama mdogo, na sababu yake ilikuwa nyoofu kabisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na baba mdogo, ambaye nilikuwa nakaa kwake, alikuwa amenitafutia nafasi katika ofisi ya kampuni moja kubwa Mwanza. Usaili ungekuwa Januari, nao ulikuwa wa kukamilisha utaratibu tu. Alichotakiwa binti ni kufungua mdomo na kujieleza. Na hapo ndipo penye shida. Mimi nilikuwa naweza kuongea tangu jua linachomoza hadi linazama, mradi habari isiwe yangu. Ukiniuliza juu yangu, ulimi unakuwa mzito na macho yanatafuta dirisha. Mama mdogo aliliona hilo, akaambiwa na mtu wa kanisani kwamba yuko mwalimu aliyeacha kufundisha akasomea mambo ya kuwaongoza watu kwenye kazi zinazowafaa. "Akunoe," aliniambia tukiwa njiani. "Ukifika mbele ya wakubwa usitutie aibu."

Aibu lilikuwa neno zito katika nyumba ile. Baba mdogo alikuwa mtu mkarimu, mwenye sauti ya kujaza sebule, na furaha yake hakuweza kuificha. Jumapili wageni wakija, mimi niko jikoni na mama mdogo tunapanga ndizi kwenye majani, namsikia kupitia ukuta: "Huyu binti wetu Januari anaingia ofisini. Mwanza! Ghorofani!" Wageni wanapongeza, "Kasinge, waitu, kasinge," yaani hongera na asante kwa pamoja kama sisi Wahaya tunavyosema, na mimi nachomwa na mvuke wa sufuria nisihisi. Leo nikikumbuka ile sebule, vile vitambaa vya kufuma kwenye makochi, saa ya ukutani iliyokuwa mbele ya saa zote za Bukoba, redio kwenye kabati iliyowashwa tangu asubuhi, namwonea huruma yule msichana wa jikoni. Alikuwa anapelekwa ghorofani kwa mapenzi ya kweli. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangekuwa wabaya.

Alhamisi ya kwanza Mwalimu alinitazama, akasema, "Haya, Koku. Jieleze." Nikasema jina langu. Kisha cherehani ikasimama, na mimi nikasimama nayo. Hakunikemea. Alisukuma kikapu mbele yangu, akanipa sheria yake, ambayo baadaye tulizoea kuinong'ona kama sala. Unachukua kahawa, unatafuna. Ukiwa unatafuna, hujibu kitu, hata uulizwe nini. Ukimaliza, husemi unachotaka kuwa. Unasema tu ulichokifanya wiki hii bila kuambiwa na mtu. Kwa kuwa, alisema, mtu akiulizwa anataka kazi gani na mdomo wake ni mtupu, anatoa jibu la baba yake, au la jirani, au la yule rafiki aliyevaa viatu vizuri. Kwetu mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa kwanza ndipo aulizwe habari, na Mwalimu aliona watu wengi hawajawahi kujikaribisha wenyewe namna hiyo. Nikatafuna. Ile kahawa ni chungu kidogo, ina harufu ya majani inayochemshwa nayo, na inachukua muda. Nilipomaliza, nilijikuta nasema kwamba juzi nilimsindikiza mama mmoja wa Muleba hospitalini, kwa sababu yeye hajui Kiswahili vizuri na daktari hajui Kihaya. Nikaeleza daktari alisema nini, mama alielewa nini, na vile nilivyogundua kwamba aliposema "nimechoka" hakuwa na maana ya uchovu bali ya kukata tamaa. Nikaeleza na kueleza. Niliponyamaza, chai ilikuwa imepoa na Mwalimu alikuwa anatabasamu. "Kumbe ulimi upo," akasema.

Deus naye alikuwa wa Alhamisi. Alitoka familia ya Wakatoliki wakulima, kijana mrefu mwenye ubishi, na kwa kuwa alikuwa mbishi ukoo mzima ulikuwa umeamua atakuwa wakili. Kila akimaliza kutafuna, alichokuwa amekifanya bila kuambiwa kilikuwa ni kufungua kitu: baiskeli ya jirani, pampu ya shule, siku moja hadi kufuli la mlango wa Mwalimu ambalo halikuwa na ubovu wowote. "Wakili gani huyu mwenye grisi?" Mwalimu alimtania. Deus alibisha, akatoa hoja, akapanga sababu, na kwa kweli alibisha vizuri. Lakini wakati anabisha mikono yake ilikuwa inafungua chupa ya chai kuona inavyobana.

Zoezi lililoniumiza lilikuja katikati ya mwaka. Mwalimu alitutuma tukaulize watu wasio ndugu zetu: ni jambo gani likitokea mnaniita mimi? Nilikuwa na hakika watasema hesabu, maana shuleni niliziweza, na hesabu ndizo zilizokuwa zinanipeleka Mwanza. Hakuna aliyezitaja. Muuza maziwa alisema, "Akija mteja wa Kisukuma." Mama wa jirani alisema, "Nikigombana na mwenye nyumba, unajua kusema maneno yangu bila ile hasira yangu." Mzee wa kanisa alisema wananiita mgeni akitaka kuhubiri. Nilirudi Rwamishenye nimenuna. Nikamwambia Mwalimu kwamba kwa hiyo mimi ni mtu wa kubeba maneno ya wenzangu, mimi mwenyewe sina langu. Nilikuwa karibu kulia, na nilimaanisha. Aliniacha ninune. Kisha akasema Jumamosi anakwenda Kamachumu kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa, twende naye, tukaone watu wakiwa kazini.

Siku ile! Hata sasa nikipita karibu na ule ukumbi moyo unanidunda. Tulipanda mlima na gari la mizigo la kanisa, ukungu umekaa juu ya migomba, na hewa ya kwetu ikaniingia kifuani nikahisi nimerudishwa mahali pangu. Mama yangu alikuwa anaishi pale pale, miguu imeanza kumsumbua, na nilikuwa nafika kwake mara chache kuliko nilivyotaka. Ukumbini walinipa birika nigawe chai. Deus aliona jenereta limegoma akapotea nyuma ya jengo. Mtaalamu wa ubora wa kahawa alikuwa ametoka mkoa mwingine, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na kama ilivyo desturi, Bibi Astelia, mzee kuliko wanawake wote pale, alimletea kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mtaalamu akachukua buni, akaweka mdomoni, akashukuru. Mpaka hapo mambo mazuri. Halafu akasimama, akamwaga mezani sampuli ya kahawa ya wakulima, akachambua zile zilizochumwa zikiwa za kijani. "Kahawa iliyochumwa mbichi ni takataka," akasema. "Haifai kuingia kinywani mwa mtu." Na katibu wa mkutano, aliyekuwa anatafsiri, akayageuza neno kwa neno kwa Kihaya, kwa sauti ya kujivunia.

Kwa asiyekulia kwetu nieleze: kahawa ya kumkaribisha mgeni tunaichuma ikiwa mbichi, kwa makusudi, tunaichemsha na majani yenye harufu nzuri, tunaianika. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Bibi Astelia alikuwa ameiandaa kwa mikono yake, na sasa mgeni aliyeipokea alikuwa amesimama mbele ya watu wote akiiita takataka. Alifunika kikapu kwa upindo wa kitenge, akajiinua taratibu, akaelekea mlangoni, na wanawake wote wakaanza kuinuka pamoja naye. Wanaume wakatazamana. Mtaalamu alitoa macho, hajui kosa lake, na uvimbe mdogo unaonekana shavuni mwake.

Sikumbuki kuweka birika chini. Nakumbuka nimesimama njiani mwa Bibi Astelia, nimepiga goti, naongea Kihaya kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Bojo, nakusihi, Bibi, usiondoke! Mgeni hajatukana kikapu chako. Mtazame shavu. Kahawa yako bado anayo, hajaitema!" Bibi akageuka kutazama. Ukumbi mzima ukageuka kutazama shavu la mtaalamu. Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapanda hadi mabatini. Nikaendelea, kabla hakijapoa: nikawaambia kuna kahawa mbili, ya mgeni na ya mzani. Ya mgeni tuichume kijani kama walivyotufundisha bibi zetu, hakuna wa kutunyang'anya hiyo. Ya mzani isubiri iwe nyekundu, maana yule anayeinunua mbali hana majani yetu wala hajui kuichemsha. Kisha nikamgeukia mtaalamu kwa Kiswahili: "Mtaalamu, uliyonayo mdomoni ni ile ile mbichi. Ndiyo heshima yetu. Mshukuru Bibi kwanza, halafu endelea." Maskini, aliitoa kwenye kiganja, akaitazama, akacheka kuliko wote, akairudisha mdomoni na kuomba nyingine. Bibi Astelia akafungua kitenge. Mkutano ukaendelea hadi mchana, maswali yakimiminika, na mimi katikati, nageuka huku, nageuka kule, jasho linanitoka, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Jenereta nalo likawaka. Deus akatokea mlangoni, mweusi mikono yote miwili, anang'aa kama bwana harusi.

Wakati wa kula, tukiwa na ndizi na maharage kwenye majani mapajani, nilimsikia mtu akimuuliza Mwalimu nyuma yangu, "Huyu binti ni wa nani?" Alikuwa mtangazaji wa redio iliyokuwa inaanzishwa Bukoba, alikuja kurekodi mkutano, na alikuwa amenirekodi. Walitaka kipindi cha wakulima, cha kuzunguka vijijini, mtaalamu aeleweke kwa mkulima na mkulima aeleweke kwa mtaalamu. Ningeweza kulala Kamachumu kwa mama na kushuka mjini siku za studio. Kuanza, Januari. Mwalimu alisubiri hadi tulipokuwa njiani kurudi ndipo akaniambia, "Katibu alitafsiri maneno. Wewe ulitafsiri watu. Hicho ndicho chako, Koku, na ulikuwa unakinunia."

Januari. Mwezi ule ule wa ghorofa. Nilimwomba Mwalimu aje Bakoba aongee na baba mdogo. Akakataa palepale. "Mimi si mshenga wako. Ukitumwa na mtu, maneno yanakutoka. Basi jitume." Niliondoka nimekasirika. Niliendelea kukasirika hadi Jumapili, na katikati ya ibada, wimbo unaendelea, nikaelewa alichosema, nikasahau kuketi wenzangu walipoketi.

Baada ya chakula cha mchana, samaki na ndizi, baba mdogo alikuwa kwenye kochi lake, redio chini chini. Nilimletea kahawa kwenye kisahani. Aliweka buni mdomoni, nami nikapiga goti.

"Baba, kuna binti amenituma kwako. Anakuheshimu mno, kusema na wewe hawezi. Ameniomba nimtafsirie."

Akatazama mlangoni. "Binti gani? Yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa. Anaitwa Koku."

Mama mdogo alisimamisha sahani hewani. Baba mdogo alinitazama, akitafuna. Nilidhani atanifukuza. "Anasemaje?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

Nikamwambia binti anashukuru, anajua milango baba aliyoigonga kwa ajili yake. Nikamwambia binti anaogopa kwamba ghorofani atakaa vizuri na kunyamaza mpaka azeeke. Nikaeleza ukumbi, kikapu, redio, na miguu ya mama. Maneno yalitoka yote, sikutafuta dirisha.

"Mwulize," baba mdogo akasema, "watu nimewatangazia. Kanisani wanajua. Nitawaambia nini?"

"Anasema uwaambie Mwanza walimtaka, lakini Kamachumu wamemwita kwanza."

"Mwambie redio si kazi. Redio ni kelele."

"Anasema tangu ahamie hapa hajawahi kukuona ukiizima."

Mama mdogo alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Baba mdogo aligeukia kabati, akaitazama redio yake kama shahidi aliyemgeuka. Akatafuna, akatafuna. "Mwambie huyo binti ana ulimi," akasema. "Na mwambie siku ya kwanza anijulishe saa, nisije nikawa nje." Kisha akajifuta macho, akadai kahawa ni kali. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo hakukosa kipindi, na wageni wakija aliwaonyesha kabati akisema, "Huyo binti wetu. Msikilizeni!"

Alhamisi hiyo aliyoitisha Deus, nikashuka mjini. Duka la vitambaa sasa linauza simu, na badala ya cherehani muziki ndio unaopita sakafuni, lakini ngazi ni zile zile na bado zinalalamika. Deus alikuwa amefika, mikono haijatakata. Vijiji vingi vya kwetu vinakunywa maji kwa sababu yake, na ubishi wake unawamaliza wenyeviti wa vijiji. Mwalimu alikuwa amepungua, nywele nyeupe kabisa, anapanda ngazi kwa kupumzika katikati. Tulikumbatiana, tukapiga kelele, tukasimulia shavu la mtaalamu upya kana kwamba hatukuwepo. Kisha nikamuuliza, "Ukifunga, Mwalimu, utafanya nini?"

"Nitapumzika," akasema haraka. "Nimefanya ya kutosha. Nitakaa tu."

Deus akanitazama. "Hilo ni jibu la mdomo mtupu," akasema, akachukua kikapu, akamwekea Mwalimu kahawa kiganjani. Alitaka kukataa, akaona aibu kuivunja sheria yake mwenyewe. Akatafuna. Tulisubiri. Nilimwona akikitazama kile kiti cha wageni, na ile meza, na chaki iliyobaki kwenye dirisha, na macho yake yakaanza kulowa. Hakuweza kusema, na si kwa ajili ya kahawa peke yake. Akanigusa goti. Akajinyooshea kidole yeye mwenyewe, kisha akamnyooshea Deus.

Nilielewa. Kazi ni kazi. Nikamgeukia Deus.

"Kuna mama hapa amenituma," nikasema. "Anasema hataki kupumzika. Anasema anaiogopa Alhamisi ya kwanza atakayoamka na asiwe na wa kumsubiri. Kinachomshinda ni ngazi, si watu. Anasema vijana bado wapo wengi wanaosukumwa ghorofani, na kule Kamachumu kuna nyumba yenye chumba cha mbele, hakina ngazi hata moja, na mwenye nyumba ni mwanamke mwenye maneno mengi wa redioni. Anasema anahamia mwisho wa mwezi, na wewe utakuja kubeba meza."

"Hilo la mwisho sijasema!" Mwalimu akasema, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Bado unatafuna, Mwalimu," nikamwambia. Akafunga mdomo, kama sheria inavyotaka.